Kadinali, Mzee wa Otford na Kodi Isiyolipika

Aprili 1525, katika kasri la Otford huko Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, mzee wa miaka sabini na ushei alikuwa akiandika barua ambazo wengi wa hadhi yake wangezikwepa. Alikuwa William Warham, Askofu Mkuu wa Canterbury. Aliyeandikiwa ni Thomas Wolsey, Askofu Mkuu wa York, kadinali, kansela wa mfalme na mjumbe mwenye mamlaka ya Papa. Kiti cha ukansela alichokikalia Wolsey kilikuwa cha Warham mpaka Desemba 1515. Ukizivua barua zile heshima zote zilizovikwa, unabaki na maneno machache: kodi hii hailipiki, watu wanaitukana chinichini, na wapo wanaosema kwamba hawatapumzika na malipo maadamu fulani yu hai. Warham hakumtaja huyo fulani. Msomaji wa barua alimjua.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama habari ya mfalme Henry VIII na uroho wake wa vita. Mimi nakisoma kama kisa cha kiongozi aliyeletewa ukweli mapema, kwa maandishi, na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kukaa kimya na kumwacha aanguke. Wolsey hakukosa habari. Pengine hakuna mtu Ulaya nzima aliyekuwa na habari nyingi kuliko yeye. Alichokosa ni nia ya kuziamini zile zilizotoka karibu na nyumbani.

Tuanze na deni, maana ndiko ugomvi ulikoanzia.

Mwaka 1522 makamishna wa mfalme walipita wilaya kwa wilaya wakiandika kila mwanamume ana silaha gani na mali kiasi gani. Watu waliambiwa kwamba orodha hiyo ni ya ulinzi wa nchi, wakajieleza kwa uaminifu, wengine hata kwa majivuno, kwa sababu nani asingependa kuonekana ana uwezo wa kumvisha askari? Orodha zilipokamilika zikageuzwa kuwa daftari la mkopo. Aliyekuwa amejiandikisha kuwa na kitu akatakiwa amkopeshe mfalme, kwa ahadi kwamba atarudishiwa. Mikopo ya mwaka huo na uliofuata ilikusanya zaidi ya pauni 200,000, fedha nyingi mno kwa ufalme wa siku zile. Mikopo hiyo haikurudishwa.

Aprili 1523 likaitishwa Bunge. Wolsey akaenda mwenyewe kwa wabunge na kudai pauni 800,000 zaidi. Wakamnyamazia. Spika wao, Thomas More, alieleza kwa upole kwamba si desturi ya Bunge kujadili mbele ya mgeni mkubwa kiasi hicho. Baada ya wiki nyingi za mabishano kodi ikapitishwa, pungufu sana ya ilivyodaiwa, ilipwe kwa awamu kwa miaka kadhaa.

Upande wa makasisi ugomvi ulikuwa na ladha yake. Kwa kawaida makasisi wa kusini walikutana katika baraza lao London, kwenye kanisa kuu la Mt. Paulo, chini ya Warham, na hapo ndipo walipokubali au kukataa kumlipa mfalme. Mwaka huo Wolsey, kwa mamlaka aliyopewa na Papa, aliwaita waache baraza la Warham waje kwake Westminster. Wakaja, kisha wakamwonyesha kasoro ya kisheria: hati za uwakilishi walizobeba ziliwatuma kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, hazikuwatuma kwake. Ikabidi mambo yapangwe upya. Hatimaye walikubali kutoa nusu ya mapato ya mwaka mmoja, ilipwe kwa miaka 5. Maaskofu wawili, John Fisher wa Rochester na Richard Foxe wa Winchester, walipinga waziwazi. Anayetupasha hilo ni Polydore Vergil, mwandishi wa Kiitalia aliyewahi kufungwa gerezani na Wolsey mwaka 1515, kwa hiyo anapomsema kadinali inafaa kumsikiliza kwa sikio moja. Lakini katika hili hana sababu ya kuzua. Fisher alikuwa mtu wa kusema, na miaka kumi na miwili baadaye alikatwa kichwa kwa tabia hiyohiyo.

Fedha hizo zilikwenda wapi? Majira ya vuli 1523 jeshi la Kiingereza chini ya Mtawala (duke) wa Suffolk liliingia Ufaransa, likasonga hadi kilomita kama 80 kutoka Paris, kisha baridi kali ikaanza kuua askari na farasi. Likarudi mikono mitupu. Mwaka 1524 hapakufanyika la maana. Kwa hiyo mwananchi wa Kent, mwanzoni mwa 1525, alikuwa na mkopo ambao haukulipwa, kodi ya Bunge ambayo awamu zake hazijaisha, na vita ambayo haikuleta hata kijiji kimoja. Kila aliyewahi kuchangishwa mara ya pili kabla hajasomewa mapato na matumizi ya mchango wa kwanza anaijua hasira ya namna hii.

Ndipo ikaja habari kubwa. Tarehe 24 Februari 1525, mbele ya mji wa Pavia nchini Italia, majeshi ya Kaisari Charles V, mtawala wa Hispania na mshirika wa Henry, yaliwasambaratisha Wafaransa na kumkamata mfalme wao, Francis I, akiwa hai. Richard de la Pole, mtu wa mwisho aliyekuwa akidai hadharani kiti cha Henry, alikufa hapohapo akipigana upande wa Wafaransa. Siku 13 baadaye, tarehe 9 Machi, taarifa ilikuwa mikononi mwa Henry. London iliwashwa mioto ya furaha na divai ikamwagwa bure mitaani. Mfalme aliona mlango wa Ufaransa uko wazi na mwenye nyumba amefungwa kamba.

Hapa inafaa tusimame kidogo tutazame njia ambazo habari kama hizi zilipita, kwa sababu njia hizo nazo zililipiwa na makanisa. Henry hakuwa na hazina ya kuwalipa mabalozi vizuri. Aliwalipa kwa uaskofu. John Clerk, aliyekuwa akimwandikia Wolsey kutoka Roma kila lililosemwa katika kumbi za Papa Clement VII, alipewa dayosisi ya Bath na Wells mwaka 1523. Cuthbert Tunstall, ambaye masika ile ya 1525 alitumwa Hispania kumshawishi Kaisari waigawane Ufaransa, alikuwa Askofu wa London tangu 1522. Wengine hawakuwa hata Waingereza: Girolamo Ghinucci alikula mapato ya dayosisi ya Worcester na Lorenzo Campeggio yale ya Salisbury, wote Waitalia, kazi yao ikiwa kumtetea mfalme wa Uingereza huko Roma. Mkulima wa Worcester aliyelipa kodi ya ardhi ya askofu alikuwa, bila kujua, anamlipa mshahara mtu aliyekaa Italia kumtumia Wolsey habari za makadinali.

Kwa mtandao huo, meza ya Wolsey ilijaa barua kutoka Roma, Venice, Brussels na Madrid, nyingine zikiwa zimeandikwa kwa maandishi ya siri. Alijua Papa ana hofu gani na Venice inapanga nini. Nadhani wingi huo ndio uliompumbaza. Mtu anayesoma kila asubuhi siri za wafalme huanza kuyaona manung'uniko ya wafuma nguo kuwa kelele za kuku. Barua ya kutoka Otford, safari ya farasi isiyofika siku nzima, ilifika ikiwa haina siri za kifalme wala makadinali. Ilikuwa na mapadri wa vijijini na wakulima waliosema hawana fedha.

Tarehe 21 Machi hati za makamishna zilitolewa. Bunge halikuitishwa, wala baraza la makasisi. Watu wa kawaida wenye uwezo walitakiwa kutoa sehemu ya sita ya mali yao, wenye kidogo watoe kwa kiwango cha chini zaidi. Makasisi walibebeshwa mzigo mzito: theluthi moja ya mapato, na wale maskini kabisa robo. Jambo lenyewe likapewa jina la mchango wa kirafiki, eti raia wema wanamsaidia mfalme wao avuke bahari akachukue haki yake ya Ufaransa. Katika kila wilaya mabwana wakubwa walipewa kazi ya kuwashawishi watu. Kent akapewa Warham.

Alifanya kazi aliyotumwa. Hili lisisahaulike, maana ni rahisi kumgeuza mzee huyu kuwa shujaa wa wanyonge, na hakuwa. Aliwaita makasisi wake, akawaita wenye mali wa Kent, akawasomea matakwa ya mfalme na kuwasihi. Kisha, kila baada ya siku chache, alikaa kuandika yale aliyoyasikia. Barua zake zimebaki mpaka leo, na yanayosomeka humo ni hoja za watu ambao hawakuwa na shule ya siasa lakini walifikiri vizuri kuliko baraza la mfalme.

Walisema mkopo wa awali haujalipwa. Walisema kama mfalme ametumia fedha nyingi hivyo kuivamia Ufaransa, leo hana hata futi moja ya ardhi ya Kifaransa zaidi ya aliyokuwa nayo baba yake, Henry VII, ambaye hakukosa mali wala akili ya kuiteka nchi ile kama angeona kuna faida. Walisema hata kama mfalme ataishinda Ufaransa, itambidi akae huko na mapato ya Uingereza yatumike huko, kwa hiyo ushindi wenyewe utaitajirisha nchi ya watu na kuifukarisha yao. Na wengine, Warham akaandika, wanaona kutekwa kwa mfalme wa Ufaransa ni jambo la kulilia kuliko kulishangilia, kwa sababu ndilo lililoleta msiba huu wa kodi.

Soma tena hoja hiyo ya tatu. Ni hesabu ya uchumi iliyo sahihi kabisa, imetolewa na watu wa mashambani, imepelekwa kwa kansela wa ufalme ikiwa safi haijachakachuliwa. Angeilipa kiasi gani kama ingetoka kwa mshauri wa Kiitalia!

Warham aliandika pia kwamba aliambiwa kwa siri jinsi watu wanavyonung'unika kati yao kadiri wanavyothubutu. Alieleza kwamba baadhi ya makamishna wenzake wanawaogopa watu kiasi kwamba watatangaza amri ya mfalme tu basi, lawama yote wamwachie yeye. Hapo mzee anajiombea, ni kweli. Lakini anasema pia jambo ambalo kila mkuu wa kazi angelipa ghali kulijua: watendaji wako hawakuamini tena, wanatimiza maneno ya amri bila kuibeba.

Waswahili husema mjumbe hauawi, na Wolsey hakumuua mjumbe huyu. Alimfanyia lililo baya zaidi, hakumtilia maanani. Wiki zikapita, makamishna wakaendelea kusukumana na watu. Nina sababu mbili za kudhani kwa nini. Moja ni uhasama wa zamani. Wolsey alikuwa amemnyang'anya Warham ukansela na kulikanyaga baraza lake, na mtu uliyemdhulumu anapokuletea habari mbaya, ni vyepesi kuamini kwamba anafurahia. Ya pili ni kosa la Warham mwenyewe. Aliandika kwa adabu iliyopita kiasi. Kila ukweli mchungu aliuzungushia unyenyekevu, "nimeambiwa", "inasemekana", "kwa hekima yako utaona". Msomaji aliyetaka kupata mwanya wa kutosikia aliupata katika kila mstari. Fisher, mwaka 1523, alisimama mbele ya watu akapinga, na hakuna aliyemkosa maana. Adabu ya Warham ilimlinda yeye, lakini ilimpunja aliyeandikiwa.

London ilikuwa ya Wolsey mwenyewe kuisimamia. Edward Hall, mwanasheria wa mji huo aliyeandika historia ya utawala ule, anasimulia jinsi kadinali alivyomwita meya na madiwani, akawaambia kwamba afadhali wachache wapate shida kuliko mfalme akose fedha, na kuwatahadharisha kwamba ubishi unaweza kuwagharimu wengine vichwa. Alipoona hawatikisiki akajaribu kumtenga meya ajibu peke yake. Meya akakataa kusema lolote bila baraza la mji. Ndipo mjumbe mmoja wa baraza akamkumbusha kadinali kwamba michango ya kulazimisha ilikwisha kupigwa marufuku na sheria ya Bunge ya mwaka 1484, chini ya Richard III. Wolsey akashangaa: mnanitajia sheria ya mnyang'anyi wa kiti, muuaji wa watoto wa ndugu yake? Mjumbe akamjibu kwamba hata kama mtu yule alitenda maovu, katika siku zake zilitungwa sheria njema, na hazikutungwa naye peke yake bali na Bunge la nchi.

Hall alikuwa Mprotestanti na alimchukia Wolsey, kwa hiyo huenda aliyanoa majibu hayo kidogo. Hata ukiyachuja, kinachobaki ni kansela, mkuu wa mahakama za ufalme, anayefundishwa sheria na mjumbe wa baraza la mji.

Mwishoni mwa Aprili Wolsey akalegea. London ikaambiwa kile kiwango cha sehemu ya sita kimeondolewa, kila mtu atoe anachoweza kwa moyo wake. Aliona amezima moto. Kumbe yeye aliyeishi kwa habari alisahau kwamba watu wa chini nao wana habari zao. Wachuuzi wa nguo, madereva wa mikokoteni, mabaharia wa Mto Thames na watumishi wa mabwana waliosafiri na mabwana zao walikuwa na posta isiyohitaji muhuri. Mara London iliposamehewa, mikoa ikajua, na kila kamishna aliyeendelea kudai kile kiwango cha mwanzo akaulizwa kwa nini Norfolk na Suffolk walipe wasicholipa matajiri wa mji mkuu. Kulegeza upande mmoja kulifanya ukaidi kuwa jambo la haki pande nyingine zote.

Suffolk ilikuwa nchi ya sufu. Miji kama Lavenham na Sudbury iliishi kwa wafanyabiashara wakubwa waliowapa kazi wasokotaji, wafumaji na wapiga rangi. Mtawala wa Suffolk aliwaita matajiri hao, akawabembeleza mpaka wakakubali kulipa. Akadhani amemaliza. Wakarudi nyumbani wakawaambia wafanyakazi wao kwamba fedha ya mishahara imekwenda kwa mfalme, hakuna kazi. Wanawake wakalia, wanaume wakachukua pinde na mapanga. Mwanzoni mwa Mei watu kama 4,000 walikuwa wamekusanyika karibu na Lavenham.

Mtawala alipotaka kuwakabili, watu wake mwenyewe walimwambia kwamba watamlinda yeye asidhurike, lakini kupigana na jirani zao hawatapigana. Ikambidi avunje madaraja kuwachelewesha, amngojee mwenzake, Mtawala wa Norfolk, aliyefika na nguvu zaidi na busara zaidi. Huyu alituma kuuliza kiongozi wao ni nani. Mfumaji mmoja wa Lavenham, John Greene, akajibu kwamba nahodha wao ni Umaskini, ndiye aliyewaleta hapa pamoja na jamaa yake Ulazima. Norfolk hakupigana. Alizungumza, akaahidi kuwaombea, watu wakatawanyika. Kisha watawala hao wawili wakaandika London, na barua zao hazikuwa na adabu ya Warham. Zilikuwa za wanajeshi, zikisema hatari ilipo.

Walichoandika hakikuwa kipya. Deni, ukosefu wa fedha, watendaji wasiotegemewa, chuki juu ya mtu mmoja: yote Wolsey alikuwa nayo tangu Aprili, kwa mwandiko wa katibu wa Otford. Tofauti ni kwamba mwezi wa nne yalikuwa maneno na mwezi wa tano yalikuwa na pinde. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Sasa tazama yaliyompata aliyelibeba begi la kodi. Henry aliita baraza lake na kutangaza, mbele ya watu, kwamba hakupata kujua habari ya madai makubwa kiasi hicho. Mfalme ambaye vita ilikuwa yake, taji alilolitaka ni lake, na hati za makamishna zilitoka kwa jina lake! Wolsey akabaki na njia moja tu. Akasema ulikuwa uamuzi wa washauri, akakubali lawama, na mchango ukafutwa na wote kusamehewa. Tendo la huruma likatangazwa kuwa la mfalme, na ukatili ukaachwa kuwa wa kadinali. Sidhani Wolsey alishangaa. Alimtumikia Henry miaka mingi vya kutosha. Lakini mtu anayekubali kudai kwa jina la mwingine kitu ambacho hakikuidhinishwa na chombo chochote hana karatasi ya kujitetea siku ikifika. Kama kodi ingekuwa imepitia Bunge, lawama ingegawanywa kwa mamia ya watu.

Viongozi wa ghasia za Suffolk waliletwa mahakamani Westminster wakasamehewa. Ilitakiwa wawe na wadhamini, na hawakuwa na mtu. Wolsey akasema atawadhamini yeye, kwa kuwa ni watu wa nyumbani kwake, maana alizaliwa Ipswich, mtoto wa mchinja nyama katika mkoa huohuo wa Suffolk. Hall anasema aliwalipia na gharama za kifungo. Ni tendo zuri, na nadhani lilitoka moyoni. Ila lilichelewa kwa wiki sita.

Vita yenyewe haikuwako. Tunstall na wenzake walikuta Toledo Kaisari asiyetaka kuigawa Ufaransa na mtu, asiye na fedha hata za kuwalipa askari walioshinda Pavia. Kufikia 30 Agosti 1525 Wolsey alikuwa ametia saini amani na Wafaransa, na wao ndio waliokubali kumlipa Henry fedha kila mwaka. Maana yake, katika miezi mitano ilithibitika kwamba wakulima wa Kent walikuwa sahihi hata katika siasa za nje.

Dawa ya deni ni kulipa, lakini wafalme wana dawa nyingine. Mwaka 1529 Bunge lilipitisha sheria iliyomfutia Henry wajibu wa kurudisha mikopo ya 1522 na 1523. Wakati huo Wolsey alikwishaanguka. Alishtakiwa kwamba alitumia mamlaka ya Papa ndani ya ufalme kinyume cha sheria, mamlaka ambayo mfalme mwenyewe alimwombea, na akafa Leicester tarehe 29 Novemba 1530 akisafirishwa London kujibu shtaka la uhaini. Mapema 1531 mfalme akawageukia makasisi wote: kwa kuwa walimtii Wolsey kama mjumbe wa Papa, nao wana hatia. Msamaha wao uliuzwa kwa pauni 100,000 kwa makasisi wa kusini peke yao. Aliyewaongoza kukubali malipo hayo ni Warham, yule ambaye mamlaka ya Wolsey yalikuwa yamemkanyaga kuliko mtu mwingine yeyote.

Ndipo mzee akabadilika. Tarehe 24 Februari 1532, akiwa na miaka themanini hivi, aliandikisha rasmi pingamizi lake dhidi ya kila sheria ya Bunge iliyopitishwa tangu 1529 kwa madhara ya Kanisa. Hakusema "nimeambiwa" wala "inasemekana". Mawakili wa mfalme wakafukua kosa la miaka mingi nyuma, kwamba mwaka 1518 alimweka wakfu Askofu wa St Asaph kabla hajatimiza wajibu wake kwa mfalme, wakamfungulia shtaka. Warham akaanza kuandaa utetezi, akimtaja Thomas Becket, mtangulizi wake aliyeuawa kanisani Canterbury mwaka 1170. Alikufa Agosti kabla ya kusikilizwa.

Aliyejifunza kwa faida kutokana na mambo ya 1525 hakuwa askofu. Alikuwa Thomas Cromwell, mtumishi wa zamani wa Wolsey, aliyekuwa mbunge mwaka 1523 na aliyeziona fedha zikikwama kwa macho yake. Alipopata madaraka hakuwatumia makamishna kuomba urafiki. Mwaka 1534 alipeleka muswada Bungeni, na ukawa sheria: kila kasisi anayepata cheo amlipe mfalme mapato yote ya mwaka wa kwanza, na baada ya hapo sehemu ya kumi kila mwaka. Mwaka uliofuata mapato ya kila parokia, dayosisi na monasteri yalikaguliwa na kuandikwa. Makasisi waliogoma kutoa theluthi ya mara moja wakaingia katika kodi isiyo na mwisho, safari hii kwa sheria iliyopigiwa kura.